X5 ya zamani inavuja maji: isome dalili kabla ya kununua rejeta

BMW X5 ya kizazi cha kwanza, ile ambayo mafundi huiita E53, ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006. Hata iliyo changa kuliko zote mtaani ina umri wa kutosha kwa kila plastiki ya mfumo wa kupoza injini kuwa imekauka kama biskuti. Ndiyo maana utaikuta ina viti vya ngozi, injini tamu, na inauzwa kwa bei ya gari dogo: mwenyewe kachoka kuongeza maji kila asubuhi.

Malalamiko ya wenye magari haya hayabadiliki. Linadondosha. Taa ya maji inawaka na chini pakavu. Linachemsha kwenye foleni, au mlimani tu. Hapa nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi. Nazungumzia zaidi injini ya petroli ya silinda sita, yaani 3.0i. V8, yaani ya silinda nane, nitaigusa pale inapokuwa na ugonjwa wake.

Presha kwanza, maji baadaye

Wengi huhesabu maji: imepungua lita, ongeza lita, twende. Lakini thamostati ya 3.0i, ile valvu inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kwenye nyuzi 97. Nairobi, Iringa au Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji ya kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Maana yake ni kwamba maji matupu yasiyo na presha, ukiwa kwenye miji hiyo, yanachemka kabla thamostati haijaanza kazi. Yanayoyazuia ni mawili: mfuniko unaoshikilia presha, na kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, inayopandisha kiwango cha kuchemka. Ufa mdogo sehemu ya juu ya tanki la akiba, usiodondosha hata tone, unatosha kuitoa presha hiyo. Ukianza kuupanda mlima Kitonga kule Iringa, gari litachemsha na maji bado yamo.

Kwa hiyo kifaa cha maana kuliko vyote katika kazi hii ni pampu ya kupimia presha ya rejeta. Fundi wako akiwa nayo, mwombe akuazime kwa siku moja au mlipe akupimie. Unaifunga mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, unapampu hadi karibu na kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko wenyewe (140 ni bar 1.4, 200 ni bar 2), usizidishe, kisha unaacha robo saa. Mshale wa pampu ukishuka, maji yanatoka mahali. Injini imezimwa na ni baridi, una tochi mkononi na muda wote duniani wa kutafuta.

Jingine la kulijua kuhusu gari hili: mshale wa joto kwenye dashibodi hauonyeshi kila digrii. Kompyuta huushikilia katikati hata joto likipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa. Ukiona umeanza kupita katikati, tayari umechelewa. Egesha, zima injini.

Kabla ya kushika spana

Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Kitambaa kinene hakisaidii. Maji ya zaidi ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Subiri mpaka mpira mkubwa wa juu uwe wa baridi na ubonyee kwa vidole. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala asali, na kama ni uso au eneo kubwa nenda hospitali.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Hili ni gari la tani mbili na ushee. Weka stendi.

Kulanti ni sumu, na utamu wake huvutia watoto, paka na mbwa. Usiionje ili kuhakikisha kama ndiyo yenyewe, ingawa mafundi wengine hufanya hivyo. Sugua kati ya vidole: kulanti huteleza, maji hayatelezi.

Dalili: kuna maji chini ya gari

Anza na chanzo kisicho na gharama. Kama tone liko nyuma ya injini, usawa wa miguu ya abiria wa mbele, ni safi, halina harufu, na umetoka kuwasha AC, hayo ni maji ya AC. Kwenye joto la Dar au Mombasa yanaweza kujaza kopo. Hakuna ubovu hapo.

Kama tone liko mbele, linateleza na lina rangi, fuata mpangilio huu.

Kwanza, viungo vya mipira. Mipira mikubwa ya X5 haifungwi kwa klipu za kukaza kwa bisibisi. Inasukumwa hadi ndani na kufungwa kwa waya uliopinda, na kinachozuia maji ni oringi (pete ya mpira) iliyo ndani. Oringi ikikauka, kiungo kinalia machozi, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Alama yake ni ukoko mweupe au wa buluu kuzunguka kiungo. Oringi peke yake ni bei ndogo, ila ukivuta mpira ukakuta shingo yake ya plastiki imemomonyoka, badilisha mpira mzima. Watu hupaka silikoni hapo. Haikai.

Pili, tanki la akiba. Limeunganishwa kwa vipande viwili vya plastiki, na hupasuka kwenye mshono au chini ya shingo ya mfuniko. Ufa wa mshono mara nyingi hufungua mdomo presha ikipanda tu. Ukilikagua likiwa baridi utaapa ni zima. Hapa ndipo pampu ya presha inapolipa. Gusa pia sehemu ya chini ya tanki, kwenye kihisi cha maji, maana nacho kina oringi yake.

Tatu, rejeta yenyewe. Moyo wake ni alumini, lakini pembe zake za kulia na kushoto ni plastiki iliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira mwembamba. Plastiki hupasuka kwenye shingo panapoingia mpira wa juu, au mpira wa kwenye meno huchoka na maji huteremka ubavuni. Tundu katikati ya moyo hutokea mara chache, labda kama jiwe limepita au mtu aliosha rejeta kwa mashine ya presha akakunja mapezi.

Nne, wota pampu, inayozungusha maji ndani ya injini. Ina kitundu kidogo chini ya mhimili, kilichowekwa makusudi ili sili ikifa maji yatoke nje. Tone likitoka hapo, pampu imekwisha. Shika pulea (injini imezimwa!) uitikise; ikicheza, usiendeshe gari hata kwenda dukani, kwa sababu pampu ikifa hubeba mkanda pamoja nayo.

Tano, mipira ya hita iliyo nyuma ya injini karibu na ukuta wa kabini. Ni vigumu kuifikia na ndiyo maana husahaulika.

Kwenye V8 kuna la ziada, na hapa ningekushauri usithubutu nyumbani. Zile 4.4i za mwanzo, zenye injini ya M62, huvuja chini ya manifoldi, kwenye bati linalofunika bonde kati ya safu mbili za silinda. Zilizofuata baada ya mabadiliko ya 2003, zenye N62, zina bomba refu linalopita humo bondeni kutoka mbele hadi nyuma. Sili yake ya mbele ikichoka, maji hutokea mbele, chini ya wota pampu. Fundi mwenye haraka atakuuzia wota pampu, na wiki ijayo maji yako palepale. Muulize kabla ya kumpa kazi kama anaijua habari ya bomba hilo. Akikutazama tu, tafuta mwingine.

Dalili: taa ya maji inawaka, chini pakavu

Angalia kiwango injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa mahali tambarare. Kama maji yapo sawa, kihisi cha chini ya tanki ndicho kibovu, au kielea cha ndani ya tanki kimekwama kwa tope. Mwaga, osha, jaribu tena.

Kama maji yamepungua kweli, mshukiwa wa kwanza ni mfuniko. Ni spea rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa. Valvu yake ikilegea, mvuke hutoka kidogokidogo na kukauka juu ya injini. Tafuta madoa makavu kuzunguka shingo. Sipendi mtindo wa kubadilisha vitu bila kupima, lakini mfuniko wa miaka kumi na tano naubadilisha bila kuuliza.

Baada ya mfuniko, kagua tena ufa wa tanki, kisha panda ndani ya gari. Je, zulia la mbele lina unyevu unaoteleza? Kioo cha mbele kinaota ukungu wenye mafuta kila ukiwasha feni? Kuna harufu tamu? Basi rejeta ndogo ya hita, au viungo vyake, inavuja chini ya dashibodi. Kubadilisha rejeta hiyo ni kazi kubwa ya kufungua dashibodi. Mpe mtu mwenye uzoefu.

Cha mwisho, ambacho wengi hukikimbilia kuwa cha kwanza, ni gasketi ya silinda hedi, yaani ya kichwa cha injini. Usiamini mpaka uone ushahidi: moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha hata injini ikiwa moto, mipira kuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi, povu lisilokoma kwenye tanki, au oili kuwa ya rangi ya maziwa. Kuna kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa juu ya shingo ya tanki. Ikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji. Moja ya haya likithibitika, acha kuliendesha gari na liite gari la kuvuta. Kila kilomita unayoongeza inapinda hedi zaidi.

Dalili: linachemsha kwenye foleni, barabara kuu liko salama

Hapa maji yanaweza kuwa kamili kabisa. Ukiwa mwendoni upepo unapita wenyewe. Kwenye foleni unategemea feni. X5 hii ina mbili: kubwa inayozungushwa na injini kupitia klachi ya majimaji, na ya umeme iliyo mbele ya kondensa ya AC. Washa AC, ya umeme izunguke. Kwa ile kubwa, zima injini iliyo moto, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka mizunguko mingi yenyewe bila ukinzani, klachi yake imekufa.

Chungulia pia kati ya kondensa na rejeta. Vumbi, majani na wadudu hukaa hapo miaka. Osha kwa mpira wa bustani, maji ya kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Na kama linachemsha barabara kuu au mlimani tu? Geuza mpangilio: rejeta imeziba kwa ndani, kwa kawaida kwa tope la kutumia maji ya kisima yenye chumvi, au thamostati haifunguki yote, au mapanga ya wota pampu yamevunjika ndani. Pampu nyingi za zamani zilikuwa na mapanga ya plastiki. Chukua yenye mapanga ya chuma.

Neno kuhusu thamostati. Kuitoa na kuitupa ni dawa maarufu gereji nyingi, na kwenye gari la zamani la dizeli unaweza kuishi nayo. Kwenye X5 injini itabaki baridi, taa ya injini itawaka kwa msimbo wa hitilafu P0128, mafuta yatanyweka zaidi, na uvujaji uliolileta gari gereji utakuwa palepale. Fundi akikwambia "tumeitoa, sasa halichemshi", hajatibu kitu.

Kuziba au kubadilisha?

Mafundi wetu wa rejeta walijifunza kazi kwenye rejeta za shaba, za Land Rover na malori. Shaba inashika risasi. Ukichomelea vizuri, inadumu miaka. Ufundi ule ni wa kweli. Ila alumini haishiki risasi namna hiyo, na plastiki iliyochoka haishiki gundi kwenye joto la nyuzi 100 na presha juu yake. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani kwa mwendo wa taratibu mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo. Usiihesabu kuwa matengenezo. Kipande cha sabuni nacho ni hivyohivyo, na baadaye utakisafisha ndani ya mfumo.

Dawa za kuziba za kumimina naziogopa zaidi. Haziwezi kutofautisha ufa na njia nyembamba za rejeta ya hita, huziba vyote. Tumia tu kama uko porini na hakuna namna.

Tanki na mipira: badilisha. Rejeta iliyopasuka plastiki: badilisha. Kuna gereji zinazotengeneza pembe za alumini na kuzichomelea kwa gesi ya argoni. Ikifanywa na mtu hodari ni suluhisho zuri pale rejeta mpya haipatikani, lakini dai ipimwe presha mbele yako. Rejeta ya mtumba ya gari hilohilo, kwa maoni yangu, ni kununua umri uleule upya. Ukizunguka Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi utaonyeshwa za kila bei. Pima kwa macho unene wa moyo na unyoofu wa shingo, na ulinganishe na ya zamani uliyobeba mkononi.

Kubadilisha rejeta nyumbani

Tenga siku nzima, injini iwe imelala usiku kucha. Ondoa kava la chini, weka beseni, fungua plagi ya plastiki iliyo chini ya rejeta. Tumia bisibisi inayoenea sawasawa, plagi hiyo huvunjika.

Ifuate feni kubwa. Nati yake ni ya milimita 32 na hufunguka kinyume: ukiitazama kutoka mbele, unazungusha kuelekea mwendo wa saa. Wengi huikaza kwa nguvu zote wakidhani wanaifungua. Itoe pamoja na kava lake, na feni iiweke wima, usiilaze.

Vuta waya za viungo vya mipira kwa bisibisi ndogo, kisha zungusha mpira huku na huku ndipo uvute. Usitie bisibisi kati ya mpira na shingo. Kwenye gari la otomatiki kuna kipoza mafuta ya gia jirani na rejeta. Kiachilie kikiwa na mabomba yake, usiyafungue. Mabomba ya gesi ya AC usiyaguse kabisa. Kama huwezi kutoa rejeta bila kuyafungua, hapo simama na umwite fundi wa AC, kwa sababu gesi ile inaunguza kwa baridi na haipaswi kuachiwa hewani.

Unaporudisha, weka oringi mpya, zilowanishe kwa kulanti, sukuma mpaka usikie waya umelia. Vuta mpira kujaribu. Maadamu umeshafungua, tanki na mfuniko vya zamani visirudi.

Kujaza na kutoa hewa

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Hewa ikibaki ndani, hita inapuliza baridi huku mshale ukipanda, na mtu anadhani rejeta mpya ni mbovu.

Changanya nusu kwa nusu: kulanti ya buluu isiyo na fosfeti, inayolingana na ya BMW, na maji yaliyosafishwa. Dukani ukiomba "maji ya betri" hakikisha hawakupi asidi. Zote mbili huuzwa kwa chupa zinazofanana. Usichanganye na ile ya kijani au nyekundu iliyobaki stoo, zikigombana huganda.

Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni ya ndani kwenye kasi ya chini, ili valvu za hita zifunguke. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo jirani na mfuniko. Mimina taratibu mpaka maji yatoke kwenye skrubu bila povu, kisha ifunge kwa mkono mwepesi, ni plastiki. Funga mfuniko mpya wa presha, washa injini, acha ipate joto, ukitazama chini kwa tochi na hita ikiwa imewashwa. Inapaswa kupuliza moto.

Kulanti ya zamani iweke kwenye dumu lenye alama, si kwenye chupa ya maji ya kunywa, wala usiimwage mtaroni. Gereji zinazokusanya oili chafu mara nyingine huipokea.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia kiwango. Kikishuka kidogo mara hiyo ya kwanza ni hewa iliyobaki imepata njia, jaza. Kikishuka tena baada ya hapo, usinunue kitu kingine. Rudisha pampu ya presha, pampu, uwashe tochi.